Kutuliza jengo si kutuliza watu

Juma lililopita nilikuwa safarini kwenda Morogoro pamoja na mwanangu wa kiume, mwanafunzi wa darasa la sita. Tulipopita Chalinze basi lilipunguza mwendo nyuma ya msururu wa malori, naye akapata nafasi ya kuzitazama vizuri nguzo za chuma zinazobeba umeme mkubwa. "Baba," akaniuliza, "vile vyuma vidogo vinavyoning'inia kwenye waya ni vya nini? Mbona kama vya kunyanyua watu wa mazoezi?"

Nikatazama. Kweli, karibu na kila nguzo, chini ya waya, palikuwa na kipande kifupi chenye uzito upande huu na uzito upande ule. Nimefanya kazi ya utangazaji kwa zaidi ya miaka 20, nimepita barabara ile mara zisizohesabika, na sikuwahi kujiuliza swali hilo. Nikabaki kukohoa.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja aliyeketi mbele yetu, ambaye tulikuja kujua kwamba ni fundi mstaafu wa laini za umeme. "Hiyo ni dawa ya kutetemeka, mjukuu wangu," alisema. "Upepo ukipita, waya hutetemeka. Ukitetemeka miaka nenda miaka rudi, unachoka na kukatika pale ulipofungwa. Basi hicho kidude kinatetemeka kwa niaba ya waya."

Maneno ya mzee yule yamenipa mada ya leo. Nataka tuzungumze juu ya kizito cha kutuliza mtikisiko, kifaa ambacho historia yake imepita katika meli, nyaya na madaraja, ikapanda mpaka kwenye paa za maghorofa marefu duniani. Na ndani ya historia hiyo kuna kisa kimoja cha jiji la New York, mwaka 1978, ambacho kila mwenye kazi ya kuwaambia watu habari anapaswa kukijua.

Tuanze na kifaa chenyewe. Kidude cha kwenye waya kinaitwa kwa jina la George Stockbridge, mhandisi wa umeme wa kusini mwa California, Marekani, aliyekibuni katika miaka ya 1920. Lakini wazo lilikuwapo kabla yake. Mwaka 1909, Mjerumani Hermann Frahm, aliyekuwa akihangaika na meli zinazoyumba baharini, aliomba hataza ya Marekani kwa kifaa cha kupunguza mtikisiko wa vitu. Alichopendekeza ni rahisi kukisimulia: chukua kitu kikubwa kinachotikisika, kifungie kitu kidogo kizito kwa springi, na kile kidogo kitabeba mtikisiko wa kile kikubwa. Mwaka 1928 wahandisi wawili, Ormondroyd na Den Hartog, walichapisha mahesabu ya kuonyesha namna ya kukipima kizito hicho na kukiwekea breki ili kifanye kazi vizuri zaidi.

Kinafanyaje kazi? Mkumbuke mtoto kwenye pembea. Anayemsukuma hahitaji kuwa na nguvu za mbeba magunia. Anangoja pembea irudi, anaisukuma kidogo, anangoja tena. Kwa misukumo midogo iliyotolewa kwa wakati wake, mtoto anafika juu mpaka mama yake anapiga kelele. Kila kitu kinachosimama kina mwendo wake wa kubembea kama pembea ile: mnazi una wake, mnara wa redio una wake, na ghorofa refu lina wake. Upepo unaolipiga jengo kwa mapigo yanayolingana na mwendo huo unaweza kulibembeza zaidi ya vile nguvu zake zinavyoonyesha.

Sasa weka juu kabisa ya jengo kitu kizito kilicho huru kusogea, ukifunge kwa springi zilizopimwa ili kibembee kwa mwendo ule ule wa jengo. Jengo likienda kulia, kizito kinachelewa na kulivuta kushoto. Likirudi kushoto, kinalivuta kulia. Nguvu iliyokuwa ikilibembeza jengo inahamia kwenye kizito, na huko vifaa mfano wa shokapu za gari vinaigeuza kuwa joto. Hakuna injini inayolisukuma jengo. Jengo lenyewe ndilo linalokiamsha kizito, na kizito ndicho kinacholituliza jengo.

Baada ya kufahamu hayo, twende New York.

Mwaka 1977 benki ya Citicorp ilikamilisha jengo lake jipya katika barabara ya Lexington, kisiwani Manhattan. Lilikuwa na ghorofa 59 na kimo cha mita 279, na paa lake lilikatwa mshazari kiasi kwamba hata mgeni alilitambua kwa mbali. Lakini ajabu yake ilikuwa chini. Kwenye kona moja ya kiwanja palikuwa na kanisa la Kilutheri la Mtakatifu Petro. Waumini walikubali kuuza eneo lao kwa sharti kwamba wajengewe kanisa jipya pale pale kwenye kona, lisilounganika na ghorofa la benki wala kupitiwa na nguzo zake. Msanifu wa jengo, Hugh Stubbins, na mhandisi wake, William LeMessurier, walilazimika kutafuta njia.

Njia waliyoipata ilikuwa ya kijasiri. Badala ya kuziweka nguzo kuu kwenye kona nne, waliziweka katikati ya kila upande. Fikiria meza ambayo miguu yake haiko kwenye pembe, iko katikati ya kila ukingo. Nguzo zile zilinyanyuka urefu wa karibu ghorofa tisa kabla jengo lenyewe halijaanza, na kanisa likajengwa chini ya kona iliyobaki ikielea hewani. Ili uzito wote ufike kwenye nguzo hizo, LeMessurier aliunda mifupa ya chuma ya mshazari, mfano wa herufi V zilizopangwa moja juu ya nyingine.

Mifupa ile ilikuwa myepesi kwa jengo la kimo kile, na jengo jepesi hubembea. Hapo ndipo kizito kilipoingia. Juu ya ghorofa waliweka zege la tani 400 kwa kipimo cha Marekani, lenye upana wa takriban mita 9 kila upande. Lilikuwa miongoni mwa vizito vya kwanza vya aina hiyo kuwekwa katika jengo la Marekani. Upepo ukiwa wa kawaida, zege lilikaa kimya. Jengo likianza kubembea kupita kiwango fulani, pampu zilijiwasha zenyewe, zikasukuma mafuta chini ya zege, nalo likaelea juu ya utando mwembamba wa mafuta na kuanza kazi ya kulivuta jengo. Mbembeo ulipungua kwa karibu nusu.

Naomba ushike mambo mawili hapo, msikilizaji. La kwanza, zege lile halikuwekwa ili kulizuia jengo lisianguke. Liliwekwa kwa ajili ya raha, ili karani wa ghorofa ya 50 asipatwe na kizunguzungu kama abiria wa jahazi. La pili, zege halikuhitaji injini kulituliza jengo, lakini sakafu yake ya mafuta ilihitaji pampu, na pampu zilihitaji umeme.

Mwezi Juni 1978, LeMessurier alipigiwa simu na mwanafunzi wa uhandisi aliyetaka kujua kwa nini nguzo ziko katikati. Mwaka huo huo Diane Hartley, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Princeton, alikuwa ameandika tasnifu juu ya jengo hilo na kuuliza maswali ya namna hiyo hiyo. LeMessurier alimjibu mwanafunzi aliyempigia kwa kujiamini. Kisha, kwa kuwa naye alikuwa mwalimu, akaona jambo hili lingefaa kuwa somo kwa wanafunzi wake. Akakaa kufanya hesabu.

Sheria ya ujenzi ya New York wakati ule ilidai jengo lipimwe kwa upepo unaolipiga usoni. LeMessurier sasa akapima upepo unaolipiga konani, unaosukuma pande mbili kwa wakati mmoja. Kwa majengo ya kawaida, yenye nguzo kwenye pembe, hilo si tatizo. Kwa jengo lake, hesabu zilionyesha kwamba mzigo katika baadhi ya mihimili ya mshazari uliongezeka kwa asilimia 40.

Hata hilo lisingemkosesha usingizi, kama si habari aliyoipata wiki chache kabla. Katika michoro yake, viungo vya mihimili vilipaswa kuchomelewa. Wakati wa ujenzi, ili kuokoa gharama, viungo hivyo vilifungwa kwa bolti, na ofisi yake ya New York ilikubali mabadiliko hayo bila yeye kujulishwa. Bolti si kosa, majengo mengi yanasimama kwa bolti. Tatizo ni kwamba bolti zile zilihesabiwa bila kufikiria upepo wa konani. Hesabu yake mpya ikamwambia kwamba kwenye viungo, mzigo ule wa ziada ulifika asilimia 160.

Alikwenda Canada kwa mtaalamu wa upepo, Alan Davenport, aliyekuwa amelijaribu jengo hilo kwa kielelezo ndani ya handaki la upepo. Majibu hayakumfariji. Mwishoni mwa Julai alijifungia nyumbani kwake kwenye kisiwa cha ziwa Sebago, jimbo la Maine, akapitia kiungo kimoja baada ya kingine, ghorofa baada ya ghorofa. Kiungo dhaifu kuliko vyote alikikuta kwenye ghorofa ya 30. Kikikatika hicho, jengo lote linakwenda. Dhoruba ya kukikata, kwa takwimu za hali ya hewa, ilikuwa ya kutarajiwa mara moja katika kila miaka 16. Yaani kila mwaka mpya ulipoingia, jengo lilikuwa na nafasi moja katika 16 ya kukutana na mauti yake.

Na zege je? Zege likifanya kazi, hatari ilishuka hadi mara moja katika miaka 55. Kifaa cha raha kikageuka kuwa kifaa cha uhai. Lakini hapo ndipo pampu zinaporudi katika hadithi. Dhoruba ya kuangusha ghorofa ndiyo hiyo hiyo inayokata umeme mjini. Jiji la New York lilikuwa limeingia gizani Julai 1977, mwaka mmoja tu kabla. Umeme ukikatika, mafuta hayapandi. Mafuta yasipopanda, zege linakaa chini kama jiwe la kaburi.

LeMessurier alikuja kueleza baadaye kwamba mawazo matatu yalimpitia: kunyamaza, kujiua, au kusema. Alisema. Aliwaambia wanasheria na kampuni ya bima, akamwambia Stubbins, kisha akaenda kwa wakuu wa benki, akiwamo mwenyekiti wao, Walter Wriston, na kuwaeleza kwamba jengo lao jipya lina kasoro na kwamba kasoro hiyo ameigundua yeye mwenyewe. Sijui ni wangapi kati yetu, katika kazi zetu, tungeweza kuingia mlango ule.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya haraka na ya hodari. Mhandisi Leslie Robertson, aliyeshiriki kuunda majengo pacha ya World Trade Center, aliitwa kuwa mshauri. Iliamuliwa kwamba juu ya kila kiungo cha bolti, zaidi ya viungo 200, kichomelewe bamba la chuma lenye unene wa karibu sentimita 5. Kuanzia Agosti, makarani walipofunga ofisi jioni, maseremala waliingia na kujenga vibanda vya mbao kuzunguka viungo, wakabomoa kuta za ndani, na kuanzia saa mbili usiku mafundi wa kuchomelea wakafanya kazi mpaka saa kumi alfajiri. Kisha takataka zikazolewa kabla makatibu muhtasi hawajarudi. Jenereta za dharura ziliwekwa kwa ajili ya pampu za zege. Wataalamu wa hali ya hewa walikodiwa kuutazama upepo usiku na mchana. Na kwa siri, maofisa wa jiji na Shirika la Msalaba Mwekundu walitayarisha mpango wa kuwahamisha watu wa jengo na wa mitaa ya jirani endapo dhoruba ingekaribia.

Nimesema kwa siri. Taarifa iliyotolewa kwa umma ilisema tu kwamba baadhi ya viungo vinaongezewa nguvu na kwamba hakuna hatari. Waandishi wachache waliandika habari fupi, wakaridhika. Mwandishi wa New York Times alipiga simu kutaka maelezo zaidi, na LeMessurier alipompigia ili amjibu, alikuta magazeti yameingia katika mgomo. Mgomo ule ulianza tarehe 10 Agosti 1978 ukayafunga magazeti makubwa matatu ya jiji, na Times haikurudi mitaani mpaka Novemba. LeMessurier hakuficha kwamba siku ile alishusha pumzi.

Tarehe 1 Septemba kimbunga kiitwacho Ella kilikuwa baharini, karibu na Cape Hatteras, North Carolina, na uelekeo wake ulikuwa New York. Kazi ya kuchomelea ilikuwa haijakamilika. Ndani ya vyumba vichache watu wachache walikuwa wakitazama ramani na saa. Nje, watu wa Manhattan walikuwa wakijiandaa kwa mapumziko ya sikukuu ya wafanyakazi, wakinywa kahawa chini ya kivuli cha ghorofa lile. Halafu Ella akageuka, akaelekea baharini.

Kazi iliendelea mpaka Oktoba ikakamilika. Kwa maelezo ya LeMessurier, jengo likawa na uwezo wa kuhimili dhoruba ya mara moja katika miaka 700, hata zege likiwa limelala. Bima yake iliilipa benki dola milioni 2 za Marekani, na benki ikaliacha jambo hapo. Hata ada yake ya bima haikupandishwa, ilishushwa, kwa kuwa ilionekana ameepusha balaa. Kisa chote kilikuja kuwafikia watu mwaka 1995, Joe Morgenstern alipokiandika katika jarida la The New Yorker. Ilikuwa imepita miaka 17.

Hayo ndiyo niliyomsimulia mwanangu tukiwa tumeketi, naye mzee fundi akisikiliza. Mtoto alipenda zege linaloelea. Lakini alipokaa kidogo akaniuliza: "Na wale waliokuwa wanalala nyumba za jirani, nani aliwaambia?"

"Hawakuambiwa," nikamjibu.

Akanyamaza, nami nikanyamaza. Nilikuwa nimekumbuka jambo langu.

Nilipokuwa mwandishi kijana, muda mfupi baada ya kupata stashahada yangu, nilitumwa katika mji mmoja ambao sitautaja. Fundi mmoja alinionyesha tangi la maji lililosimama juu ya miguu ya zege pembeni mwa soko. Mguu mmoja ulikuwa na ufa wa kuingiza kidole. Nikaenda kwa mkubwa anayehusika kupata maelezo. Alinikaribisha vizuri, akaniagizia chai, akaniambia: "Kijana wangu, tunalijua. Mafundi wanakuja. Ukitangaza leo, wanawake wenye watoto mgongoni watakanyagana pale sokoni, na damu yao itakuwa juu yako." Nikafunga daftari. Siku tisa soko liliendelea kujaa chini ya tangi lile, na siku tisa mimi nililisikiliza kila gari lililopita usiku kana kwamba ni kishindo. Siku ya kumi waliliondoa maji, wakalifunga tangi kwa vyuma. Hakuna aliyekufa. Mkubwa yule aliponiona baadaye alinipa mkono na kuniita mwandishi mwenye busara.

Sikuwahi kuifurahia sifa ile. Mama muuza nyanya aliyepanga fungu zake chini ya ufa siku zote tisa alikuwa na haki ya kuchagua kukaa au kuhama, na mimi nilimchagulia. Kama tangi lingeanguka siku ya tano, busara yangu ingeitwa kwa jina jingine.

Sipendi kuwahukumu watu wa New York kwa wepesi. Hofu nayo huua, na mwenye kutangaza hatari anapaswa kujua uzito wa ulimi wake. Aidha, wapo wataalamu waliokwisha kuzipitia upya hesabu zile. Mwaka 2019 watafiti wa taasisi ya taifa ya viwango ya Marekani walichapisha uchunguzi wa kompyuta ulioonyesha kwamba upepo wa konani haukulielemea jengo lile kuliko upepo wa usoni. Yawezekana basi hatari haikuwa kubwa kama ilivyohofiwa. Lakini hilo haliondoi swali la mtoto. Mwaka 1978 waliokuwa na ramani na saa waliamini kwa dhati kwamba ghorofa laweza kuanguka. Waliamini kiasi cha kuandaa mpango wa kuwahamisha majirani. Na bado hawakuwaambia majirani.

Msomi wa usanifu, Eugene Kremer, alilikosoa jambo hili mwaka 2002, akisema kwamba umma ulinyimwa ukweli, na kwamba wahandisi wengine walinyimwa somo ambalo lingewafaa katika majengo yao. Nakubaliana naye. LeMessurier, aliyefariki mwaka 2007, anasomeshwa vyuoni kama mfano wa uadilifu, na kwa sehemu anastahili. Kwa upande wa chuma alifanya yote. Kwa upande wa watu, yeye na wenzake walifanya nusu.

Lakini lawama nyingine ituangukie sisi wa vyombo vya habari. Mgomo ulikwisha, magazeti yakarudi, mitambo ikaanza kuunguruma. Hakuna aliyerudi kwenye lile ghorofa kuuliza kwa nini cheche za kuchomelea zilionekana madirishani kila usiku kwa miezi mitatu. Tulipewa sentensi moja ya kututuliza, tukatulia.

Tazama sasa jinsi watu wengine walivyofanya. Huko Taipei, kisiwani Taiwan, ghorofa liitwalo Taipei 101 lilifunguliwa mwishoni mwa 2004, kimo chake mita 508. Lina kizito chake pia, tufe la chuma la tani 660 lililotengenezwa kwa mabamba 41 na kuning'inizwa kwa kamba nene za chuma karibu na kilele. Tufe hilo halikufichwa. Limepakwa rangi ya dhahabu, na wageni hulipa kiingilio kwenda kulitazama. Agosti 2015, tufani iitwayo Soudelor ilipolipiga jengo, tufe lilisogea kiasi cha mita moja kutoka mahali pake, na picha zake zikaonekana dunia nzima. Hakuna aliyekanyagana. Watu waliona kwamba jengo lao linayumba, wakaona pia kinacholituliza, na wakaamua wenyewe kuwa na imani nalo.

Sisi wa Dar es Salaam hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta sababu ya kuyajali haya. Tarehe 29 Machi 2013, ghorofa lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na watu 36 wakapoteza maisha. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine liliporomoka Kariakoo, saa ambayo wauzaji na wanunuzi walikuwa ndani. Majengo hayo hayakuwa na hadithi ya zege linaloelea. Lakini jiji letu linazidi kupanda juu mwaka hadi mwaka, na anayefanya kazi ndani ya ghorofa, au anayeuza maji ya kunywa kwenye kivuli chake, anastahili kujua kinachojulikana juu yake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Walisahau kutuambia kwamba mara nyingi anayeumbuliwa na anayekufa si mtu mmoja.

Tulipokaribia Morogoro nilimuuliza mzee fundi kama vile vidude vya kwenye waya huwa vinaharibika. Akacheka. "Huanguka sana," alisema. "Ujanani nilikuwa natembea chini ya laini kwa miguu, nguzo hata nguzo, shingo juu. Kazi yangu ilikuwa kuvihesabu. Kikikosekana, naandika kwenye kitabu, na kitabu kinakwenda kwa msimamizi jioni ile ile."

"Na ukiona aibu kwamba ni wewe uliyekifunga vibaya?" mwanangu akamuuliza.

"Unaandika hivyo hivyo, mjukuu wangu," akasema mzee, akaanza kutafuta mfuko wake chini ya kiti, maana tulikuwa tumefika stendi ya Msamvu.